Faili limepotea? Pitia dirishani
Nakala za zamani za diski, Windows huziweka kwenye folda ya System Volume Information, lakini hukufungia mlango hata ukiwa admini. Na kuikopi nzima kwenye flashi hakusaidii. Yaliyomo yamefungamana na diski ileile. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama admini, andika `vssadmin list shadows`, utaona nakala hizo, ziitwazo nakala kivuli, na tarehe zake. Orodha ikiwa tupu, basi, kwa njia hii hakuna cha kuokoa. Ukipata, tuseme yenye namba 3 mwishoni mwa jina lake, itengenezee kiungo cha kuingilia:

`mklink /d C:\zamani \\?\GLOBALROOT\Device\HarddiskVolumeShadowCopy3\`

Mkwaju wa mwisho (`\`) usiusahau, ulinipotezea nusu saa nzima. Ingia C:\zamani, kopi mafaili yako kwenye diski ya nje leoleo, maana nafasi ikibana Windows hufuta nakala kongwe kimyakimya. Ukimaliza, `rd C:\zamani` huondoa kiungo tu.