Jinsi ya kupima kama mpako wa kipandikizi unazigeuza seli shina kuwa seli za mfupa

Seli haigusi titani, metali ya kipandikizi, moja kwa moja. Protini kama fibronektini hutangulia kujibandika juu ya metali hiyo, na seli hushika protini hizo. Kwa hiyo mpako hufanya kazi kwa kuamua ni protini zipi zitakaa na kwa mkao upi. Upime hivi:

1. Andaa visahani vya titani tupu na vya titani iliyopakwa haidroksiapatiti, madini yanayofanana na ya mfupa. Tenga vingine vilivyopakwa ambavyo hutaviwekea seli hata moja. Wengi huviruka hivi vya mwisho, na hapo ndipo majibu yanapoharibika.

2. Takasa, kisha tumia mapema. Titani ikikaa wazi hunasa uchafu wa kaboni kutoka hewani. Dondosha tone la maji: likitandaa, uso uko vizuri, likisimama kama ushanga, safisha upya.

3. Panda seli shina za uboho, idadi ileile kila kisahani. Kesho yake hamishia visahani kwenye trei mpya, kwani seli zilizoangukia kwenye plastiki huvuruga hesabu.

4. Kundi moja la visahani vyenye seli lipe midia (kimiminika cha kulishia seli) yenye deksamethasoni (dawa ya steroidi), vitamini C na beta-gliserofosfati (chanzo cha fosfati); jingine lipe midia ya kawaida. Deksamethasoni yenyewe huzisukuma seli kuelekea mfupa, hivyo mimi huliamini zaidi kundi la pili ninapotaka kujua mpako umefanya nini. Visahani visivyo na seli viloweke katika midia zote mbili.

5. Kati ya siku ya 7 na ya 14, pima kimeng'enya cha fosfatezi ya alkali, dalili ya seli zinazoelekea kuwa mfupa, ugawe kwa kiasi cha DNA, kinachoonyesha wingi wa seli. Usisahau kugawa! Uso wenye mikwaruzo mara nyingi hubeba seli chache lakini zilizokomaa zaidi, na ukiangalia jumla tu utautupa mpako mzuri.

6. Siku ya 21, tia rangi ya alizarini nyekundu. Rangi hii hushika kalsiamu yoyote, na haidroksiapatiti ni kalsiamu na fosfati tangu mwanzo. Tena huvuta nyingine kutoka kwenye midia. Kisahani kisicho na seli kitakuwa chekundu kabisa. Toa kipimo chake kwenye kipimo cha chenye seli, kisha thibitisha kwa osteokalsini, protini ambayo hutengenezwa na seli za mfupa zilizokomaa.

7. Kagua mpako kwa hadubini ya elektroni. Ukiona nyufa au vipande vilivyobanduka, usiende kwenye majaribio ya wanyama. Rudi kwenye upakaji.