SOMO: Kuwasha Datsun 240Z mara ya kwanza baada ya ovahoo, mpaka kuitoa barabarani

Wakuu, habari za humu. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Nimemaliza kufunga injini, sasa nawashaje?" Nimechoka kujibu kwa vipande. Naandika lote hapa, na atakayeuliza tena namwelekeza huku.

Gari ninayoizungumzia ni yangu mwenyewe, 240Z ya 1972, ipo Arusha. Injini ni L24: silinda sita kwa mstari, cc 2393, kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Mwenye 260Z au Datsun nyingine yenye injini ya ukoo wa L atakuta mengi yanafanana. Mwenye gari ya EFI (inayopuliza petroli kwa umeme, haina kabureta) asome kwa kujifurahisha tu.

Shika jambo moja: injini yenye kamshafti mpya (shafti inayofungua valvu) ikishawaka, hairuhusiwi kukaa silensa, yaani kunguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Kwa hiyo chochote unachojiambia utakirekebisha "ikishawaka", kirekebishe sasa hivi.

1. Betri ijae chaji. Kizima moto kishikwe na mtu, kisiwe kwenye buti.

2. Petroli ya zamani mwaga yote. Funga filta ya plastiki unayoweza kuona ndani yake, kabla ya pampu.

3. Maji: egesha gari pua ikiwa juu kidogo, koki ya hita iwe wazi, jaza taratibu huku unaminya mpira wa juu wa rejeta mpaka mapovu yaishe.

4. Oili iwe ya madini, si sintetiki. Mimi naweka 15W-40 ya injini za dizeli, daraja la CI-4, kwa sababu ina zinki ya kutosha. Zinki ndiyo inayolinda kamshafti na roka (vijimkono inavyovisukuma ili kufungua valvu), na oili nyingi za kisasa za petroli zimepunguziwa ili zisiharibu katalisti ya ekzosi. Filta ya L24 imelala ubavuni, ukiijaza pomoni unaimwaga sakafuni, jaza nusu. Pampu ya oili ijaze oili kabla ya kuifunga. Pampu kavu haivuti.

5. Taimingi. Toa plagi zote. Weka spana ya 27 kwenye bolti ya krenki (shafti kuu ya injini), zungusha kwa mwelekeo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari, mpaka alama ifike sifuri. Sasa fungua kifuniko cha valvu uangalie kamshafti kwenye silinda namba moja: pembe zake mbili (vinundu vinavyosukuma roka) ziwe zimesimama kama masikio ya sungura. Zikiwa zimekandamiza roka, upo kwenye mzunguko usio wenyewe. Zungusha tena mara moja kamili. Hapo rota ya distributa itazame waya wa plagi namba moja. Mpangilio ni 1-5-3-6-2-4, na distributa inazunguka kinyume cha saa. Kama ulitoa pampu ya oili, ujue umetoa na ekseli inayoendesha distributa. Ukiirudisha huku umekosea jino moja, distributa haitakubali kukaa sawa hata uizungushe vipi. Ukitazama kwa juu, mfereji wake uwe kama mshale wa saa unaoelekea 11:25, na nusu ndogo ya duara iwe upande wa mbele. Mwisho weka digrii 10 kabla ya topu (piston ikiwa juu kabisa). Zinatosha kuwashia.

6. Tapeti (mwanya wa valvu) injini ikiwa baridi: za kuingizia 0.20 mm, za kutolea 0.25 mm. Spana ya 14 na ya 17.

7. Pandisha oili. Plagi bado ziko nje, waya wa koili umetolewa. Piga stata sekunde kumi, pumzika nusu dakika, rudia mpaka mshale wa oili unyanyuke. Hujamaliza! Kifuniko cha valvu kiwe bado wazi, uone kwa macho oili inatoka kwenye kamshafti yote, mbele mpaka nyuma. Geji inakuambia kuna presha tu. Haikuambii kama kuna tundu limezibwa na silikoni ya fundi.

8. Kabureta: oili nyepesi kwenye vikombe vya juu, nati za chini zirudishe mpaka mwisho kisha zishushe mizunguko miwili na nusu, zote mbili sawasawa. Rudisha plagi (mimi natumia NGK BP6ES, mwanya 0.8 mm), waya na kifuniko.

9. KUWASHA. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo hapa ndipo nitakapokaa.

Mara yangu ya kwanza iliwaka kwa kugusa tu. Nikaita majirani. Ilikuwa inalia kama cherehani, nikaiacha silensa, nikachukua bisibisi na kipande cha mpira, nikaanza kusikiliza kabureta ipi inavuta zaidi. Robo saa nzima nimeinama pale, najiona fundi. Kisha nikasikia tik, tik, tik. Nikadhani tapeti moja imelegea. Kupima: valvu ya kutolea ya silinda ya nne, niliyoiweka 0.25 asubuhi ile, sasa bledi ya kupimia ya 0.60 inapita bila kugusa. Nikapitisha kidole kwenye kamshafti: ncha ya pembe ilikuwa imelika, na roka yake ina shimo unaloweza kutuliza ukucha. Nikakata filta ya oili kwa msumeno, nikakunjua karatasi yake juani. Ikameremeta kama rangi ya kucha. Kamshafti mpya, roka kumi na mbili mpya, injini chini tena kusafisha njia zote za oili, na miezi mitatu ya kusubiri mzigo kutoka Japani.

Kwa hiyo: ikiwaka, palepale ipandishe mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika na uishikilie huko dakika 20, ukiichezesha kati ya 2,000 na 2,500. Usiguse kabureta. Usimwonyeshe shemeji. Mtu mmoja akae kwenye usukani macho yasitoke kwenye presha ya oili na joto. Mwingine azunguke na tochi akitafuta uvujaji. Moshi kutoka juu ya ekzosi ni mafuta ya mikono yako, utaisha. Ekzosi ikianza kuwa nyekundu, taimingi imechelewa. Sogeza distributa kidogo.

ZIMA MARA MOJA kama: presha ya oili haijapanda ndani ya sekunde kumi, joto limepita alama ya kawaida, au umesikia chuma kinagonga.

Kama haikuwaka kwa majaribio matatu, acha kupiga stata. Kila jaribio linafuta mafuta uliyopaka kwenye kamshafti, na petroli inaosha kuta za silinda. Rudi hatua ya 5.

10. Zima, acha ilale usiku kucha. Asubuhi mwaga oili ingali mpya hivyohivyo, badilisha filta na uikate uione. Kaza tena bolti za hedi kwa toki renchi kuanzia katikati kwenda nje, isipokuwa kama gasketi yako imeandikwa haihitaji. Pima tapeti upya. Sasa ndiyo ucheze na kabureta na taimingi.

11. Barabarani. Breki kwanza, gari iliyolala miaka miwili ina silinda za breki zilizoshika kutu. Mimi natoka alfajiri ya Jumapili kwa barabara ya Namanga. Kutoka Ngaramtoni hadi Oldonyo Sambu ni kupanda, injini inapata mzigo. Ukivuka unateremka kuelekea Longido. Gia ya tatu, kanyaga kutoka 2,000 mpaka 4,000, kisha achia mguu kabisa bila kutoa gia mpaka irudi 2,000. Mara kumi. Ukikanyaga, moto unapenya nyuma ya ringi na kuzisukuma zisugue ukuta wa silinda. Ukiachia, injini inavuta oili kidogo juu na kuosha vumbi la chuma. Usiende mwendo mmoja muda mrefu, wala usiburuze gia kubwa kwa mwendo mdogo. Vijijini mwendo ni 50 na tochi za trafiki zipo, usije ukasema uliambiwa na mimi. Kilomita 500 za kwanza usipite 4,000. Oili nyingine ukifika hizo 500.

Maswali karibuni.

fundi_haraka: Mkuu nimefuata yote lakini haiwaki, inapiga bastola kwenye kabureta. Tatizo nini?

Mwandishi: Hukufuata yote. Masikio ya sungura uliyaona?

fundi_haraka: Nilitumia alama ya krenki tu, inatosha.

Mwandishi: Alama ya krenki inafika sifuri mara mbili kwa kila moto mmoja. Una nusu kwa nusu, na umeangukia nusu mbaya. Hatua ya 5.

binti_wa_veta: Shikamoo. Nasoma ufundi magari, mwaka wa pili. Sijaelewa: si injini ikizunguka polepole ndiyo inaumia kidogo? Kwa nini silensa iue kamshafti halafu 2,000 isiiue?

Mwandishi: Marahaba mwanangu. Hili ndilo swali. Kwenye silensa, spring ya valvu inaibana roka kwenye ncha ya pembe kwa nguvu zake zote, na pembe inapita taratibu, oili inakamuliwa. Kwenye 2,000 valvu inaporuka inakuwa na msukumo wake yenyewe, ule mbano kwenye ncha unapungua. Pampu inaleta oili nyingi zaidi, na pembe inapita haraka kiasi cha kuivuta oili iingie katikati. Nyuso mbili mpya bado zina mikwaruzo midogo, lazima zisuguane mpaka zizoeane. Hizo dakika 20 ndiyo kuzoeana kwenyewe. Ukipata kamshafti chakavu chuoni, iweke kwenye mwanga uangalie ncha moja moja, utaona zilizopona na zilizokufa.

binti_wa_veta: Asante sana. Na ukirudisha kamshafti ya zamani?

Mwandishi: Kama kila roka imerudi kwenye pembe yake ileile, zimeshazoeana, hakuna haja. Ukizichanganya, hesabu ni mpya. Ndiyo maana unazipanga kwenye boksi lenye namba wakati wa kufungua.

mzee_kariakoo: Hayo mambo ya vitabu. Mimi miaka 25 nawasha Corolla naziacha silensa hazijafa.

Mwandishi: Mzee wangu, Corolla ngapi kati ya hizo ulizifunga kamshafti mpya? Mimi nimeandika kuhusu L24, na kamshafti niliyoiua ninayo, naegeshea mlango wa gereji.

mswahili_muscat: Salaam kutoka Oman. Huku Julai ni joto la 45, dakika 20 gari imesimama si itachemka?

Mwandishi: Fanya alfajiri, na weka feni kubwa ya nyumbani mbele ya rejeta. Maji yawe na kuleni, si ya bomba matupu, hedi ni ya aluminiamu. Ikianza kupanda, zima, ipoe, kisha endelea na dakika zilizobaki. Kugawa mara mbili kunaruhusiwa, silensa hairuhusiwi.

coast_z: Yangu niliiseti Mombasa, nimeileta Nairobi inatoa moshi mweusi na kunuka petroli. Nimeua ringi?

Mwandishi: Hapana kaka. Umepanda zaidi ya mita 1,600, hewa imekuwa nyepesi na petroli ni ileile. Pandisha zile nati za chini ya kabureta kidogokidogo, zote mbili sawa, endesha, toa plagi utazame. Nyeusi ya masizi bado, kahawia ya maziwa ya chai ndiyo. Moshi wa ringi ni wa bluu.

Njaro: Nyongeza: kama huna wa kukusaidia kutafuta topu, sokota tishu iwe kubwa kuliko tundu la plagi, iweke juu tu, zungusha krenki. Ikiruka, piston inapanda na valvu zimefunga.

Mwandishi: Nzuri hii. Kubwa kuliko tundu, jamani, nisije nikaulizwa namna ya kutoa tishu ndani ya silinda. Na mimi naongeza: matairi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, mbili ni wiki na mbili ni mwaka. Nilikuta yangu yana kashata (meno) nzuri kabisa, kumbe ni ya 2004.

kijana_safari: Ni kweli 240Z ndizo zilizoshinda mbio za Safari Rally?

Mwandishi: Mara mbili. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ile ya 1973 Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun, ikabidi kanuni iamue. Mehta mzaliwa wa Uganda.

fundi_haraka: Imewaka mkuu! Masikio yalikuwa chini. Sasa ipo silensa hapa inalia vizuri sana, naanza na kabureta ipi?

Mwandishi: KANYAGA MAFUTA 2,000 SASA HIVI.