Jinsi ya kuvuka reli na gari: vibao, taa na yule jamaa wa bendera

Tuwekane sawa kwanza. Tangu SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kubeba abiria hapa Tanzania 2024 kuna madereva wamejiaminisha kwamba treni sasa ni mambo ya madarajani, na kweli ile ya umeme imewekewa uzio na barabara zinapita juu au chini yake. Ila reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, bado inafanya kazi, TAZARA ya kwenda Zambia nayo ipo, na huko ndo barabara na reli zinakutana uso kwa uso. Dar pale Tabata Relini jina lenyewe linajieleza, na Dodoma na Tabora zote zina kata inaitwa Tambukareli.

Sasa vibao. Cha kwanza kukutana nacho ni pembetatu yenye ukingo mwekundu. Ukiona ndani kuna mchoro kama wa uzio ujue mbele kuna geti, ukiona kichwa cha treni kinafuka moshi hapo hamna geti, ni wewe na macho yako. Wengi wanakariri kinyume, wanadhani wa uzio ndo wa hatari. Treni za moshi zilishaondoka zamani ila mchoro ukabaki, usiucheke. Ukishaiona hiyo pembetatu gusa breki mapema ili wa nyuma yako aone taa, rudisha gia, zima mziki, shusha vioo vya pande zote mbili. Ndio hata kama una AC.

Pale pale relini kuna msalaba uliolala kama herufi X. Maana yake treni ndo yenye njia, wewe mpishe. Kukiwa na STOP chini yake simama, na kusimama ni tairi kuacha kuzunguka kabisa, sio kupunguza mwendo ukachungulia huku unatambaa. Mimi nikiwa na abiria nasimama hata kama haijaandikwa. Na usitegemee kibao peke yake maana vingine vimepauka, vingine vimebandikwa tangazo la mganga juu, vingine vilishang'olewa vikaenda kwenye chuma chakavu, kwahiyo ukiona tuta la kokoto na chuma mbili zimekatiza mbele yako basi hicho ndo kibao. Simamia kama mita tano kabla, kwa sababu chuma na chuma ni mita moja tu lakini behewa ni pana kuliko reli, linatokeza karibu mita nyingine kila upande.

Taa ni nyekundu mbili zinazopokezana kuwaka. Zikianza umesimama, hamna mjadala. Ila zikiwa zimezimika usichukulie kuwa umeruhusiwa, umeme unakatika na vitu vinaharibika, angalia mwenyewe kushoto kulia na kushoto tena. Geti vilevile, kuwa wazi inaweza kuwa tu jamaa hayupo.

Na huyo jamaa wa geti hapa ndo nataka watu wasome taratibu. Bendera nyekundu mchana, taa nyekundu usiku, akikuelekezea wewe simama. Ila anaposhika ya kijani akiwa ameelekea relini, hiyo siyo yako! Anamwambia dereva wa treni kwamba njia ni salama, yani magari yameshazuiwa. Nilipokuwa najifunza gari niliona kijani nikaingiza gia nianze kwenda, mwalimu akakanyaga breki ya upande wake mpaka nikagonga kifua kwenye usukani, sekunde chache baadae treni ya mizigo ikapita. Hakunifokea hata, alikaa kimya mpaka tunarudi shule.

Treni ikipita usikimbilie kuwasha gari. Karibu na stesheni kuna njia zaidi ya moja na ya pili inaweza kuwa imejificha nyuma ya ya kwanza, au ile ile ikarudi kinyumenyume inapanga mabehewa. Alafu kuna kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, hiki hakifati ratiba unayoijua wewe, ni kidogo, kiko chini na hakina kelele sana, kwenye kona yenye majani marefu unakiona kimeshafika. Na treni kwa mbali inaonekana kama inajivuta, ni ukubwa wake unadanganya macho, iliyobeba mzigo inaweza kuhitaji kilomita nzima mpaka isimame.

Foleni: usipande relini mpaka uone nafasi ya gari lako lote ng'ambo ya pili, hata wakikupigia honi mpaka betri ziishe. Ukiwa juu ya reli usibadili gia. Geti likishuka ukiwa ndani songa mbele ulivunje, bomba la geti linalipika.

Gari likizima katikati, shusha watu wote kwanza, mizigo iache. Kama treni inaonekana kimbieni mkiiachia reli lakini mkielekea upande inakotokea, kwa mshazari, maana ikigonga gari vyuma vinarushwa kule inakoenda. Kama haionekani piga 112, na mtume konda upande mmoja utingo upande mwingine, wafike mbali, kila mmoja ana kitu chekundu anakipunga, shati, kanga, hata ndoo.