Soma namba ya chipu, si jina la laptopu

Wanafunzi wanaoniletea laptopu zao hapa Mwanza wanataka kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, pembeni ya Windows, na huwa wameshatafuta sana kabla ya kunifikia. Wameandika jina lililo kwenye mfuniko, wameongeza maneno "waifai Ubuntu", wamepata majibu chungu nzima, na waifai bado haionekani. Jina la mfuniko halitoshi. Laptopu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na kadi za waifai kutoka kampuni mbili tofauti. Draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa, hutengenezwa kwa ajili ya chipu, na kila chipu ina namba yake.

Namba hiyo ichukue mapema, Windows ikiwa bado inawaka vizuri na Ubuntu haijaingia. Bofya kulia kitufe cha Start, fungua Device Manager, ingia Network adapters, kisha bofya kulia jina la kadi. Chagua Properties, halafu Details, na kwenye orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_14E4&DEV_4365. Tarakimu nne baada ya VEN ni za kampuni, nne baada ya DEV ni za chipu yenyewe. Ziandike kwenye karatasi au uzipige picha kwa simu, maana laptopu yenyewe inaweza isifunguke utakapozihitaji. Fanya vivyo hivyo kwa kadi ya michoro, iliyo chini ya Display adapters. Hizo mbili ndizo zinazosumbua watu. Kibodi, tachipadi na sauti mara nyingi hukubali zenyewe.

Ukizoea utazitambua kampuni kwa kutazama tu: 8086 ni Intel, waliochukua namba ya prosesa yao ya mwaka 1978, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom, 10de ni NVIDIA.

Usitoke Windows kabla ya mambo mawili. Zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows haizimiki kabisa, na Ubuntu inaweza kushindwa kuandika kwenye sehemu ya diski ya Windows. Pili, kama BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo, imewashwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali pengine. Nakuomba sana usiliruke hili. Ukigusa mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, bila ufunguo huo, unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako yote, pamoja na ripoti ya utafiti uliyoihangaikia mwaka mzima.

Sasa washa laptopu kwa flashi ya Ubuntu na uchague kujaribu kwanza, usisakinishe. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -nnk

Tafuta mstari wa kadi yako ya waifai kwa ile namba uliyoandika. Chini yake kukiwa na "Kernel driver in use", kwa kawaida draiva ipo na inafanya kazi. Madraiva mengi ya Linux tayari yamo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo watu wengi wataishia hapa. Kama mstari huo haupo, ndipo kazi inaanza.

Chukua hiyo 14e4:4365, yaani Broadcom BCM43142, ninayokutana nayo sana kwenye laptopu za mtumba. Draiva yake inatoka kwenye kifurushi kinachoitwa bcmwl-kernel-source, na kukipata kunahitaji intaneti ambayo huna. Sakinisha Ubuntu, kisha chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Ubuntu itaiona simu kama mtandao wa waya. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kama Secure Boot, kinga inayokataa programu zisizoidhinishwa laptopu inapowaka, imewashwa, utaombwa kutunga nywila. Iandike. Laptopu ikiwaka upya itatokea skrini ya bluu yenye maneno ya Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapoogopa na kubonyeza Continue boot. Usikimbie. Chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, uingize nywila ile ile. Unaiambia kompyuta kwamba draiva hii umeiruhusu wewe. Ukiiruka skrini hiyo, draiva itakuwepo kwenye diski lakini itakataliwa kila mara, na ukijaribu kuiwasha kwa sudo modprobe wl utaambiwa "Key was rejected by service".

Laptopu mpya zina shida ya aina nyingine: chipu ni changa kuliko kerneli. Realtek 10ec:b852 iliingia kwenye kerneli 6.2, ilhali Ubuntu 22.04 ilitoka na 5.15. Mwenye kadi hiyo asihangaike na mafaili ya kupakua huku na kule. Aweke Ubuntu 24.04, iliyotoka na kerneli 6.8. Kwa hiyo unapotafuta, andika namba kamili pamoja na neno "linux", na uangalie kerneli ipi iliyoanza kuitambua.

Kwa NVIDIA, andika ubuntu-drivers devices, kisha usakinishe ile iliyoandikwa "recommended". Draiva ya kupakua kwa mkono kutoka tovuti yao mara nyingi hugoma kerneli ikisasishwa.

Na kama wewe una Ubuntu na unataka kuongeza Windows, njia ni hiyo hiyo kwa kinyume. Soma namba kwa lspci -nn kabla hujaanza, pakua draiva ya waifai kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, linganisha namba, na uiweke kwenye flashi. Waifai ikishawaka, Windows Update italeta nyingi zilizobaki. Zile programu zinazojitangaza kutafuta madraiva yote kwa mkupuo ziache, hata zikiwa za bure.