SOMO: Jinsi ya kupima wati halisi za mashine uliyobuni (breki ya mbao na mizani)

Wakuu, wiki haipiti bila mtu kuniuliza "fundi, mashine yangu inatoa wati ngapi?" halafu anaweka picha. Wati hazionekani kwenye picha. Naandika mara moja, nikiulizwa tena naelekeza hapa. Inamhusu yeyote aliyetengeneza kitu kinachozungusha shafti, iwe tabaini ya maji, panga la upepo, injini ya mvuke, chochote.

Kifaa chenyewe ni cha zamani, Mfaransa Gaspard de Prony alikibuni 1821, na kwa mtu anayefanya kazi peke yake na vyuma vyake bado sijaona kinachokishinda. Mbao zinabana puli, mkono unakandamiza mizani, unasoma kilo na spidi, kwisha.

1. Funga puli ya chuma kwenye shafti. Isiyumbe.

2. Kata vipande viwili vya mbao ngumu vikumbatie puli juu na chini, pitisha bolti ndefu mbili pembeni, weka springi chini ya nati ili ukikaza iume taratibu.

3. Funga mkono kwenye mbao. Urefu unapimwa kutoka KATIKATI ya shafti mpaka pale unapogusa mizani, sio kutoka ukingo wa puli. Wangu ni mita 0.5. Ukae mlalo kabisa.

4. Weka kizuizi cha chuma juu na chini ya mkono kabla hujawasha. Breki ikishika ghafla mkono unaenda na puli, na hautachagua unampiga nani.

5. Toa uzito wa mkono. Hapa ndipo nilipokosea mimi na ndio maana naandika kwa kirefu. Mkono una uzito wake na unalalia mizani hata mashine ikiwa imezimwa. Nilipopima tabaini yangu ya kwanza mizani ilisoma kilo 3.9 kwa raundi 300 kwa dakika, nikapiga hesabu nikapata wati 600, nikawatangazia watu. Mzee mmoja fundi akaniuliza swali moja tu, maji yako ni kiasi gani na yanaanguka kutoka wapi? Lita 12 kwa sekunde, mita 5. Zidisha zote kwa 9.81 (mvuto wa dunia) unapata wati 588, yaani nilikuwa nadai mashine inatoa kuliko maji yanayoingia! Nikarudi nikapima mkono peke yake, kilo 1.5. Kwa hiyo kazi halisi ilikuwa kilo 2.4, ambayo ni wati 370, asilimia 63 ya nguvu ya maji, na hiyo ni mashine nzuri tu, sikuwa na haja ya zile 600.

Namna ya kuutoa: usisome mizani mashine ikiwa imetulia tu, maana msuguano unashikilia mkono na utapata namba tofauti kila ukigusa. Legeza nati, zungusha puli kwa mkono polepole kwenda mbele, soma. Zungusha kurudi nyuma, soma. Jumlisha gawanya kwa mbili. Huo ndio uzito wa mkono, uandike kwa peni ya rangi juu ya ubao wenyewe, na UKIBADILISHA BOLTI HATA MOJA PIMA UPYA.

6. Washa mashine breki ikiwa imelegea, kaza kidogo kidogo, kila hatua andika kilo na raundi. Spidi ni ile ya mzigo ukiwepo, sio ya bure. Tabaini nyingi za maji zinatoa nguvu kubwa zikiwa karibu na nusu ya spidi ya bure, kwa hiyo usiache kukaza eti kwa sababu imepunguza mwendo. Kumbuka wati zote zinageuka joto kwenye mbao, kwa hiyo pima haraka, legeza, acha ipoe. Usipake mafuta na usimwagie maji puli iliyochemka, chuma cha kalibu kinapasuka.

7. Hesabu: kilo (baada ya kutoa mkono) x 9.81 x urefu wa mkono kwa mita, hiyo ni torki (nguvu ya kuzungusha). Torki x raundi kwa dakika, gawanya kwa 9.55. Wati hizo.

MASWALI

bolti_kumi: Mkuu mkono lazima uwe nusu mita?

Hapana. Urefu wowote, mradi uweke urefu wako kwenye hesabu. Hatua ya 7.

sumaku_huru: Mota yangu ya sumaku inajizungusha yenyewe bila kuingiza kitu, hii breki itaweza kuipima?

Itaweza. Funga, kaza, mashine isimame au isisimame, uandike hapa kilo na raundi baada ya nusu saa. Taasisi ya sayansi ya Paris iliacha kukagua mashine za aina hiyo tangu 1775, na mimi bila namba sijadili.

sumaku_huru: Kwa hiyo unapinga ubunifu.

Nimekupa namna ya kuthibitisha ubunifu wako. Namba tafadhali.

waya_mwekundu: Mimi sikutumia breki. Jenereta bila mzigo inatoa volti 40, nikishoti inatoa ampea 12, kwa hiyo wati 480. Nimekosea wapi maana taa haziwaki vizuri?

Swali zuri, na umefanya vizuri kuziamini taa. Volti 40 unazipata ampea zikiwa sifuri, na ampea 12 unazipata volti zikiwa sifuri, haziji pamoja hata siku moja. Kwa makadirio ya haraka chukua robo, yaani wati 120 hivi ndio kilele, na hapo ni kama shafti haipungui spidi. Weka taa moja moja, pima volti na ampea kwa wakati mmoja, zidisha.

mama_gia: Nimeona mchoro wa panga la upepo kipenyo mita 2 wanadai wati 500 kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde. Nijenge?

Dada usijenge kwanza. Nusu x 1.225 (kilo za hewa kwa mita ya ujazo) x eneo (3.14) x spidi x spidi x spidi (125) = wati 240, huo ndio upepo wote unaopita hapo. Na mwanafizikia Mjerumani Albert Betz alishaonyesha huwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59, kwa hiyo 142. Lakini upepo ukifika mita 8 nguvu inazidi mara nne, chunguza kwanza upepo wako.

mama_gia: Asante sana. Na sina takometa (kipima raundi).

Paka alama nyeupe kwenye puli, rekodi video, hesabu picha moja moja. Simu ya picha 30 kwa sekunde usiitumie juu ya raundi 900, alama inaanza kukudanganya, hata kuonekana inarudi nyuma.

bolti_kumi: Nimefunga. Kwenda mbele kilo 1.9, kurudi 1.3.

Safi, mkono wako ni 1.6. Sasa kaza na ulete raundi.