Jinsi ya kutofautisha vipepeo warukaji wa kahawia wanaofanana: mwongozo kwa watazamaji wa Dar es Salaam

Mvua za masika zinapoelekea mwisho, viwanja vya nyasi vya Dar es Salaam hujaa vipepeo wadogo wa kahawia ambao watazamaji wengi huwapita bila kuwaandika, kwa kuwa wote huonekana sawa na mruko wao ni wa kasi mno. Hawa ni wa familia ya Hesperiidae, nami hapa nitawaita vipepeo warukaji. Kwa miaka niliyowafuatilia nimeridhika kwamba mtu mwenye kamera ya kawaida, daftari na subira anaweza kuwatambua wengi wao hadi jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na baadhi hadi spishi yenyewe, bila kuwakamata wala kuwaua, ilimradi ajizoeze kuangalia upande wa chini wa bawa la nyuma kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya kwanza: saa na mahali

Toka kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, umande unapokauka na vipepeo wakiwa bado wanaota jua. Tafuta magugu yenye maua madogo, hasa kishona nguo na Tridax, lile gugu la viua vya rangi ya krimu vilivyosimama juu ya vikonyo virefu. Mimi huanzia kwenye kingo za njia za kampasi ya Mlimani. Bustani ya Mimea ya katikati ya jiji, iliyoanzishwa mwaka 1893, inawafaa wasioweza kwenda mbali. Ukitaka spishi za msituni, nenda Pugu, upande wa Kisarawe, lakini kumbuka kwamba huo ni msitu wa hifadhi na kibali huombwa kabla ya kuingia.

Hatua ya pili: hakikisha ni mrukaji

Tazama vipapasio. Vipepeo wengine wana vipapasio vyenye ncha iliyovimba kama kirungu, ilhali vya mrukaji huvimba na kisha, kwa walio wengi, hupinda mwishoni kama ndoana, navyo huota mbali mbali juu ya kichwa kipana. Kifua ni kinene kuliko unavyotarajia kwa mdudu mwenye mabawa madogo kiasi hicho. Aidha, warukaji wengi wa nyasini, wanapoota jua, hulaza mabawa ya nyuma na kuyainua ya mbele nusu. Ukiuona mkao huo mara moja hutauchanganya tena na wa kipepeo mwingine.

Hatua ya tatu: piga picha kwa mpangilio

Picha ya kwanza iwe ya upande wa chini, kipepeo akiwa amefunga mabawa, na lenzi iwe mkabala na bawa kabisa, kwa sababu ukimpiga kwa mshazari madoa madogo hufifia au huonekana yamesogea. Ya pili iwe ya kichwa na vipapasio. Picha ya upande wa juu, ambayo wengi huikimbilia, ije mwisho. Msogelee ukiwa umeinama hadi usawa wa ua, na angalia kivuli chako kisimpitie, maana kivuli humtimua haraka kuliko sauti. Akiruka, baki ulipo, kwa kuwa mara nyingi hurudi kwenye ua lile lile au la jirani.

Hatua ya nne: waondoe wasio na utata

Warukaji wakubwa wa jenasi ya Coeliades hujitambulisha wenyewe. Coeliades forestan ana mkanda mweupe safi upande wa chini wa bawa la nyuma. Coeliades anchises ana mkanda mweupe wenye doa moja jeusi. Coeliades pisistratus madoa yake meusi huzidi moja. Na Coeliades libeon hana mkanda huo. Wale wadogo weusi wenye madoa meupe mengi ni wa Spialia na jenasi zilizo karibu nayo. Hao huhitaji somo lao peke yao. Kwa leo inatosha kutowachanganya na wa kahawia.

Hatua ya tano: wa kahawia wenyewe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo mtu asiharakishe.

Anza kwa kuuliza kama bawa la mbele lina madoa ya kioo, yaani vidoa visivyo na magamba ambavyo hupitisha mwanga. Ikiwa hayapo, na vipapasio ni vifupi kiasi kwamba havifiki nusu ya ukingo wa mbele wa bawa la mbele, yaelekea una dume la jenasi ya Gegenes. Dume la Gegenes pumilio ni la kahawia iliyokolea, karibu bila alama, na la Gegenes niso huelekea rangi ya manjano.

Madoa ya kioo yakiwapo, geukia upande wa chini wa bawa la nyuma na utafute chumba cha bawa, yaani eneo lililozungukwa na mishipa kuanzia shina la bawa hadi karibu na katikati. Hapa hutengana jenasi mbili, Pelopidas na Borbo. Pelopidas ana kidoa cheupe ndani ya chumba hicho, mbali na safu ya vidoa iliyopinda nje yake. Borbo tunaokutana nao mara kwa mara hawana kidoa hicho. Kidoa chenyewe ni kidogo kama ncha ya pini. Asubuhi moja pale Mlimani niliandika Borbo borbonica bila shaka yoyote, kwa kuwa upande wa juu ulilingana na nilivyokuwa nimezoea. Jioni nilipoikuza picha ya upande wa chini, kidoa kilikuwapo, kimefunikwa nusu na unyoya wa ua, na ikanibidi nifute nilichoandika. Tangu siku hiyo siandiki jina lolote nikiwa bado shambani.

Kisha tafuta alama ya dume. Dume la Pelopidas mathias na la Pelopidas thrax lina mstari mwembamba wa kijivu uliolala mshazari upande wa juu wa bawa la mbele, na Borbo hana mstari huo. Lakini angalia mantiki yake vizuri: jike la Pelopidas nalo halina mstari huo, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba ni Borbo, na hapo kidoa cha chumbani ndicho chenye uamuzi. Kati ya hao wawili, thrax kwa kawaida ni mkubwa zaidi na madoa yake ya kioo ni makubwa. Mathias, ambaye mtaalamu wa wadudu Fabricius alimpa jina mwaka 1798 kutokana na kielelezo cha India, ana viwavi wanaokula majani ya mpunga, kwa hiyo ukiwa kando ya majaruba mfikirie yeye mapema.

Kwa Borbo, tazama kwanza kama bawa la nyuma kwa chini lina vidoa vichache vilivyozungushiwa rangi nyeusi, kwani hiyo ndiyo sura ya borbonica. Likiwa karibu tupu, na vipapasio ni virefu kupita nusu ya ukingo wa bawa la mbele, mfikirie Borbo fatuellus. Waliobaki, akiwamo yule ambaye vitabu vya zamani vilimwita Borbo gemella na sasa amehamishiwa Larsenia, hawathibitiki kwa picha pekee, kwa kuwa wataalamu huwatenganisha kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Kuwapa jina la spishi kwa kukisia ni kuwaharibia kazi watakaotumia kumbukumbu zako.

Hatua ya sita: kumbukumbu

Andika kwanza ulichokiona na jina lije baadaye: kidoa cha chumbani kipo, hakipo au hakikuonekana; mstari wa dume; urefu wa vipapasio; ua alilokuwa juu yake; saa; hali ya mabawa. Hili la mwisho lisisahauliwe, kwa sababu kipepeo aliyezeeka hupoteza magamba, na vidoa vya upande wa chini hufutika kabla ya vile vya kioo, hivyo Pelopidas mkongwe anaweza kuonekana kama Borbo. Mabawa yakiwa yamechakaa na kidoa hakionekani, andika “Pelopidas au Borbo”, weka picha zote tatu pamoja, na umtafute mwingine aliye mzima katika magugu yale yale kesho yake asubuhi.