Altezza Iliyolala: Namna ya Kuiamsha Bila Kuuza Kiwanja

Juzi nimeletewa Toyota Altezza mbili kwa kamba ndani ya wiki moja. Ya kwanza ilitoka Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Ilikuwa imelala chini ya mwembe miaka miwili na ushee, majani yameoza chini ya waipa mpaka maji ya mvua yakawa yanaingia ndani, upande wa abiria. Mwenyewe ni kijana tu. Aliinunua milioni sita na nusu, akaona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Kumbe mwembe ulikuwepo kweli, dodo ndiyo haikuwepo.

"Fundi, we piga starti tu tusikie mlio," akaniambia. Alikuja na betri ya kuazima mkononi.

"Sipigi, mdogo wangu. Kaa hapo nikueleze."

Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na tuliyoyafanya wiki tatu zilizofuata gereji kwangu, Nyakato. Kama una gari ya aina hii, ya spidi, ya zamani na haijatunzwa, mpangilio ni huu huu hata kama si Altezza. Gari iliyotelekezwa haitengenezwi kwa kufuata kinachoonekana. Anza na kinachoweza kuua injini, halafu kinachoweza kukuua wewe. Rangi, rimu na muziki vije mwisho, kama hela itabaki.

Hatua ya 1: Jua injini uliyonayo

Altezza ilitengenezwa Japani kuanzia 1998 hadi 2005. Nje ya Japani iliuzwa kama Lexus IS, na hilo likumbuke unapotafuta spea, kwa sababu boljointi, bushi na vitu vingi vya chini vya IS200 vinaingia bila ugomvi. Kuna AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, injini ya kistaarabu. Na kuna RS200 yenye 3S-GE, silinda nne, lita mbili. Kwenye gia za manyuo RS200 inatoa farasi 210, ila unawapata wote injini ikizunguka mara 7,600 kwa dakika. Mgandamizo wake ni 11.5 kwa 1, na Wajapani waliipangia petroli ya daraja la juu.

Sasa hapa ndipo watu wanapopigwa. Ukisema "3S" gereji nyingi za hapa mjini, fundi anaona RAV4, Corona au Caldina, yaani 3S-FE. Ile ni punda: mkanda wa taimingi ukikatika barabarani, injini inazima, unavutwa, unafungiwa mkanda mpya, unaendelea na safari. Jina linafanana lakini 3S-GE ya Altezza si ndugu yake kwa tabia. Mkanda wake ukikatika, pistoni zinakutana na valvu. Gari ya pili niliyoletewa wiki ile ndiyo iliyokufa hivyo, ikipanda kilima cha Bugando. Mwenyewe alishaambiwa mahali, "hiyo ni 3S, mkanda wake hauna shida, tembea." Nilipofungua hedi, valvu nane zilikuwa zimepinda. Hiyo gari bado ipo kwangu, anatafuta injini.

Hatua ya 2: Usiiwashe

Gari ikilala muda mrefu, oili yote inashuka chini na kuta za silinda zinabaki kavu. Petroli inazeeka, inakuwa na harufu kama ya vanishi. Na panya wanahamia.

Tulifungua boksi la ea klina ya ile RS200 ya Nyegezi tukakuta kiota kizima: vipande vya mfuko wa rambo, maganda ya karanga, na sponji iliyochunwa kutoka kwenye siti ya nyuma. Waya mbili za sensa zilikuwa zimeng'atwa mpaka shaba inaonekana. Angepiga starti siku ile, ile takataka ingevutwa ndani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nyonya petroli yote ya zamani kwenye tangi. Fungua plagi zote nne, weka kijiko kimoja cha oili safi kila silinda, acha ilale hivyo usiku kucha. Asubuhi zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya krenki, mizunguko miwili kamili, taratibu, kwa mwelekeo ambao injini inazunguka yenyewe. Ikigoma, usiilazimishe. Ikizunguka laini, chukua geji ukapime mgandamizo kila silinda. Namba zenyewe zisikutie wazimu. Angalia kama zinakaribiana. Tatu zikiwa sawa na moja ikawa chini sana, simama hapo hapo, usitumie hata shilingi kwenye kitu kingine kabla hujajua sababu.

Hatua ya 3: Maji

Mwanza ni mji wa vilima na mawe, na tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Maji matupu huku yanachemka karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Zile nyuzi nne unazopungukiwa zinarudishwa na mfuniko wa rejeta. Uangalie juu, umeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ni presha unayoishikilia. Raba yake ikichoka, presha inatoka na maji yanachemka mapema. Watu wanabadilisha rejeta nzima kumbe ugonjwa ni mfuniko.

Halafu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka kama moshi juu ya maji. Ukiishi karibu na mwalo au ukipita barabara ya ziwani jioni wanapotoka, wanajaa kwenye matundu ya kondensa ya AC na rejeta iliyo nyuma yake. Kwa mbele unaona pasafi. Tulipoichomoa rejeta tukakuta katikati kuna tabaka gumu kama ugali uliokauka. Ioshe kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele. Ukipiga presha kubwa unalaza mapezi.

Mambo mawili ninayowakatalia wateja. Kwanza, kuondoa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, "ili ipoe". Injini isipofika joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Unakula mafuta na oili inaharibika. Pili, kujaza maji ya bomba au ya ziwani. Maji ya ziwa letu hayana chumvi ya bahari, kweli, lakini yana madini na matope yake, na aluminiamu ya injini haiyapendi. Weka kulanti, maji maalumu ya kupoza injini.

Na usiitegemee sana geji ya joto. Geji nyingi za Toyota zinasimama katikati hata joto likipanda kiasi. Ukiiona imeanza kusogea juu, ujue umeshachelewa, simama, zima.

Hatua ya 4: Mkanda wa taimingi, bila mjadala

Toyota wanasema kilomita 100,000. Wewe huna historia ya gari, na dashibodi inarudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye kifaa. Mkanda usio na karatasi uhesabu umekufa. Unapoufungua badilisha na tenshena, roleri, wota pampu na sili za oili za mbele, maana kazi kubwa ni kufika pale. Ukiokoa wota pampu leo, mwakani ikianza kuvuja unalipa ufundi ule ule mara ya pili.

Hapa sinunui mtumba. Koili, mlango, taa, siti, hata geaboksi, nitakutafutia used nzuri. Mkanda na roleri, hapana.

Hatua ya 5: Oili, plagi, koili

Kuna wauza oili watakaokushawishi uweke namba 40 nzito "kwa sababu injini ni ya zamani". RS200 ina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, upande wa kuingiza hewa na upande wa kutolea moshi, na inaendeshwa na presha ya oili inayopita kwenye vijia vyembamba. Weka 5W-30 nzuri. Kisafishe na kile kichujio kidogo cha wavu cha VVT-i. Ni kidogo kama kifuniko cha kalamu, na mafundi wengi hawajui kama kipo. Cha kijana kilikuwa kimeziba kwa masizi meusi, ndiyo maana hata aliyemuuzia alilalamika kwamba gari "haina nguvu juu".

Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili tena. Ndiyo, mapema hivyo. Ile ya kwanza ni ya kuosha.

Plagi weka za iridiamu, ziwe halisi, feki zimejaa. Koili moja ikifa, gari inatetemeka na taa ya injini inawaka. Kabla hujanunua, ihamishie silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata, umeipata.

Hatua ya 6: Kusimama na kukata kona

Breki zilizolala zinaganda. Pini za kalipa zinashika, pedi moja inalika upande mmoja kama sabuni. Fungua, safisha, paka grisi ya breki, mwaga breki fluidi yote weka mpya, maana ya zamani imeshanyonya unyevu na itachemka ukishuka Bugando umekanyaga pedali.

Boljointi za chini za mbele ni ugonjwa unaojulikana wa Altezza. Inua gari, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, usiliendeshe hata kwenda kununua boljointi.

Tairi: tafuta namba nne ubavuni. 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Za kijana zilikuwa na kashata (ile michoro ya kukanyagia) nzuri kabisa, nyeusi zinang'aa, na zina umri wa mtoto wa darasa la tano.

Chungulia na kutu chini. Wauzaji wa huku hupenda kusema "hii haijawahi kukaa pwani". Lakini ilikaa Japani kwanza, na kule kwenye theluji, Hokkaido kwa mfano, wanamwaga chumvi barabarani. Chukua bisibisi ugonge chesisi kwenye maungio.

Hatua ya 7: Daftari

Nunua daftari la kaunta, ukurasa wa kwanza andika "lazima", wa pili "itasubiri". Haya ndiyo ya kijana, ukurasa wa kwanza, kwa bei tulizolipa sisi: mkanda na kundi lake 480,000; rejeta, hosi, mfuniko na kulanti 390,000; tairi nne 720,000; breki 310,000; boljointi na bushi 240,000; oili, filta na plagi 260,000; koili moja used 60,000; betri 140,000; ufundi 450,000. Jumla 3,050,000. Karibu nusu ya bei aliyonunulia, na gari bado ina rangi iliyobabuka na shokapu za nyuma zilizochoka.

Spea nyingi za RS200 hapa Mwanza hazipo. Zinatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,100, zinakuja kwa basi. Nauli ya mzigo ni ndogo. Kinachouma ni kuagiza mara tano: leo mkanda, keshokutwa umegundua sili, wiki ijayo roleri, na wakati wote huo gari iko juu ya mawe na wewe unapanda bodaboda. Fungua kila kitu kwanza, andika orodha, agiza mara moja. Piga picha kifaa cha zamani pamoja na namba yake na umtumie muuzaji, tena mwambie aandike kwenye risiti "RS200, 3S-GE", la sivyo utaletewa cha RAV4.

Ikishatembea, tenga laki moja na nusu kila mwezi hata kama haijaharibika kitu. Mwezi usioitumia, usiiguse. Mwenye gari ya namna hii asiye na akiba ana sanamu ya kupigia picha.

Hatua ya 8: Safari za kupima

Usitoke gereji moja kwa moja kwenda Shinyanga kuonyesha watu. Wiki ya kwanza zunguka mjini na foleni za Mabatini, kila asubuhi kagua maji na oili injini ikiwa ya baridi. Wiki ya pili panda Bugando na Isamilo mara kadhaa. Klachi iliyochoka itakuambia pale, injini inapiga kelele na gari haisogei. Baada ya hapo nenda Usagara urudi. Halafu Magu.

Kijana alienda Magu Jumamosi. Saa kumi jioni akanipigia akiwa Kisesa, anarudi.

"Fundi, shikamoo. Nasikia harufu ya oili inaungua."

"Marahaba. Geji?"

"Iko pale pale."

"Paki pembeni, fungua boneti, angalia pale kava ya valvu inapokutana na hedi, upande wa egzosi."

Kimya kidogo, nikasikia lori likipita. "Pana unyevu. Kuna tone linadondokea egzosi."

"Ni gasketi ya kava. Chungulia daftari, ukurasa wa pili, mstari wa tatu. Njoo taratibu."